Mganga wa Kisiwa cha Kos

Zamani sana, katika mwaka wa 460 hivi kabla ya Kristo, katika kisiwa cha Kos, nchi ya Wagiriki, alizaliwa mtu jina lake Hippocrates. Alikuwa mganga mashuhuri. Vitabu vingi vina jina lake, ingawa vingi viliandikwa na waganga wengine.

Siku zile watu wengi walidhani kwamba ugonjwa ni hasira ya miungu. Waganga hao walifundisha kwamba kila ugonjwa una sababu yake, nayo yafaa kutafutwa. Mganga akifika katika mji mgeni, na autazame kwanza. Upepo watoka wapi? Watu wanywa maji gani? Je, wapenda kazi, au wapenda kula, kunywa na kukaa bure?

Mganga wa namna hiyo angefika Bunia, angeona mji wa juu, wenye ubaridi usiku. Akishuka mpaka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, meta 600 na zaidi chini yake, angekuta joto na wavuvi. Angejua mara moja kwamba magonjwa ya huku na ya kule si sawasawa.

Tena walifundisha hivi: kula peke yake hakutoshi, sharti mwili utumike. Chakula chaongeza, kazi yapunguza. Viwili hivi vikipatana, mtu ni mzima. Mvivu alaye sana huugua. Naye afanyaye kazi nyingi bila chakula cha kutosha huugua pia. Kwa hiyo walisifu kutembea kwa miguu, kupiga mbio na kushindana mieleka.

Je, walijua yote? Hapana. Waliona kwamba wakaao karibu na vinamasi huvimba bandama, wakadhani ni kwa sababu ya kunywa maji yale. Kumbe ni malaria! Mwaka wa 1897 mganga Ronald Ross aliona vidudu vya malaria ndani ya mbu. Wagiriki waliona mahali pa hatari, lakini mwenye kosa hawakumwona.

Katika jambo jingine walisema vema: maji ya mvua yachemshwe kabla ya kunywewa. Leo twajua sababu. Vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa uliowaua watu wengi kando ya Ziwa Albert, hufa maji yakichemka.

Na chakula je? Mtoto alishwaye ugali wa mihogo peke yake hushiba, lakini hakui vizuri. Mihogo humtia nguvu ya kucheza na kutembea, ila haina vya kutosha vya kuujenga mwili. Mama asiye na fedha ya nyama asikate tamaa. Kikombe cha maharagi, au ndakala kidogo pamoja na sombe, humsaidia mtoto sana. Vitu hivyo vyapatikana sokoni Bunia.

Basi, kumtafuta mganga wakati wa ugonjwa ni vema. Lakini chungu cha jikoni, maji yaliyochemka, chandarua na miguu itembeayo huyazuia magonjwa mengi yasifike. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali
1. Mganga afikaye katika mji mgeni atazame nini?
2. Wagiriki walikosea wapi juu ya vinamasi?
3. Kwa nini ugali wa mihogo peke yake haumtoshi mtoto?