Unavaa kofia ya Yankees? Sikia kisa cha aliyevunja rekodi ya nyota wao

Ile kofia yenye herufi N na Y zilizofumana utaiona kila kona ya Nairobi: kwa makanga, kwa mwanachuo, hata kwa shosh aliyeokota yake kwenye mtumba. Muulize aliyeivaa maana yake, wengi watakuambia ni nembo ya jiji la New York, basi. Lakini hiyo ni kofia ya New York Yankees, klabu ya besiboli, na nyota wake mkubwa kuliko wote alikuwa jamaa kwa jina Babe Ruth.

Besiboli haina ugumu wowote. Kama ulicheza raunda shuleni, nusu yake unaijua tayari. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anauchapa kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka besi. Akiuchapa ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka polepole bila presha, hakuna wa kumtoa. Hiyo ndiyo homurani. Ruth alistaafu 1935 akiwa nazo 714, na kwa karibu miaka 39 hakuna aliyezifikia.

Sasa kumbuka kitu kimoja. Enzi za Ruth, weusi hawakuruhusiwa ligi kuu. Walikuwa na ligi zao kando. Mlango ulifunguka Aprili 15, 1947, Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn Dodgers. Siku hiyo kijana mmoja wa Mobile, Alabama, alikuwa na umri wa miaka 13. Jina lake Henry Aaron, Hank kwa mashabiki.

Aaron hakuwa mtu wa mbwembwe. Msimu baada ya msimu alichapa tu, kimyakimya, hadi 1973 ilipoisha akiwa na homurani 713. Moja tu amfikie Ruth! Ungedhani nchi nzima ilikuwa ikimshangilia. Wengi walimshangilia, kweli. Lakini mwaka huo alipokea takriban barua 930,000, na miongoni mwake zilikuwamo nyingi za matusi na vitisho: kwamba mweusi akithubutu kuipita rekodi ya Ruth atapigwa risasi. Hata binti yake aliyekuwa chuoni alitishiwa kutekwa, na FBI wakaingilia kati. Hebu fikiria DM zako zijae hivyo, na kesho yake unatakiwa uwanjani mbele ya maelfu ya watu, umesimama peke yako na gongo mkononi.

Aprili 4, 1974, mjini Cincinnati, mechi ya kwanza ya msimu, alichapa la 714 kwa pigo lake la kwanza kabisa.

Siku nne baadaye Atlanta Braves walikuwa nyumbani dhidi ya Dodgers. Watu 53,775 walifurika. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, hakufika. Alikuwa na shughuli nyingine Cleveland. Shughuli gani hiyo, bana? Umati ulizomea jina lake lilipotajwa, na kwa maoni yangu alistahili. Jukwaani alikuwepo pia polisi aliyekuwa mlinzi wa Aaron, bastola yake ikiwa ndani ya kasha la darubini.

Raundi ya nne. Mrushaji alikuwa Al Downing, mweusi pia, na kwa sadfa alivaa jezi nambari 44 sawa na Aaron. Downing akatupa, Aaron akachapa, mpira ukapaa kushoto na kuvuka ukuta. 715!

Akiwa anazunguka, vijana wawili wazungu waliruka kutoka jukwaani na kumkimbilia kwa nyuma. Mlinzi alikuwa na sekunde chache za kuamua: hawa ni maadui au mashabiki? Hakufyatua. Vijana walimpigapiga Aaron begani kumpongeza, kisha wakamwacha aendelee. Bila utulivu wa mlinzi yule, leo tungekuwa tunasimulia kisa kingine kabisa. Na hii ilikuwa Georgia, kusini mwa Marekani, miaka 10 tu tangu sheria ya 1964 ipige marufuku ubaguzi katika maeneo ya umma. Mtangazaji wa Dodgers, Vin Scully, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mtu mweusi anashangiliwa na umati uliosimama, tena Kusini.

Aaron alistaafu 1976 akiwa na 755. Barry Bonds alimpita 2007, ingawa tuhuma za dawa za kusisimua misuli hufanya wengi wamhesabu Aaron kuwa mfalme hadi leo. Alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 86.

Video ya usiku ule iko mtandaoni. Ukiitazama, usiishie kwenye pigo. Subiri afike nyumbani, besi ya mwisho, umwone mama yake, Estella, akimng'ang'ania shingoni. Aaron alisema baadaye kwamba hakujua mama anaweza kukumbatia kwa nguvu namna ile. Zile barua za chuki nazo hakuzitupa. Alizihifadhi kwa miaka mingi.