Mpini Uliogoma Kuingia

Waliolea watoto Arua na Koboko mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka HOMAPAK: pakiti ya klorokwini na Fansidar aliyopewa mzazi kijijini bure, mtoto aliposhikwa na homa. Mwaka 2004 Uganda ikaamua kuhamia dawa mseto yenye artemisinini, kwa sababu zile mbili zilikuwa zimeshazoewa na vimelea. Ukitaka kuelewa jinsi kompyuta inavyotafuta dawa ya malaria, anzia hapo.

Kimelea kina kimeng'enya kiitwacho DHFR. Bila hicho hakiwezi kujijengea DNA. Kimeng'enya hicho kina tundu, mfano wa tundu la jembe. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya Fansidar, ilikaza humo kama mpini. Kimelea kikaanza kwa kubadili kipande kimoja cha kimeng'enya hicho, asidi amino ya nafasi ya 108: serini ikatoka, ikaingia asparajini, iliyo nene zaidi. Mpini ukagoma.

Tangu 2003 umbo la tundu hilo linajulikana atomu kwa atomu, na unaweza kulipakua bila malipo. Programu ya AutoDock Vina nayo ni ya bure. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, pale Arua, mwenye kompyuta ya mkononi na umeme usiokatika (hapo sasa!), anaweza kuchekecha molekuli usiku kucha. Programu huigeuza kila molekuli huku na huku tunduni, kisha huipa alama. Alama ni namba hasi: ikizidi kushuka chini ya sifuri, molekuli inakisiwa kushika zaidi.

Inakisiwa tu. Alama haijui ini wala utumbo. Tena binadamu naye ana DHFR yake, kwa hiyo mchekechaji makini hujaribu matundu yote mawili na kuitupa molekuli inayokaa vizuri kotekote. Kwa kulisoma umbo la tundu la kimelea, watafiti wa Thailand waliunda molekuli ya P218, yenye kiungo kinachopinda na kuikwepa asparajini.

Dawa mseto imeleta fumbo jingine. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba huko Gulu, kati ya wagonjwa 240, 14 walikuwa na vimelea vilivyochelewa kufa kwa artesuneti, dawa ya jamii ya artemisinini. Badiliko liko kwenye jeni ya K13, lakini dawa haikai hapo. Hakuna tundu la kuchongea mpini mpya. Basi wachekechaji huelekea kwingine, kama kimeng'enya cha DHODH, ambacho kimelea hakina namna ya kukikwepa. Molekuli chache zinazobaki hutiwa kwenye damu yenye vimelea, kwa kawaida saa 72, na nyingi huishia hapo.