Kutoka Baraza la Mji Hadi Uwaziri Kiongozi: Maisha ya C. H. Mohammed Koya wa Kerala

Jina la Calicut, ambalo wenyeji wake huita Kozhikode, si geni kwa watu wa mwambao wetu. Ndiyo bandari aliyoelekezwa Vasco da Gama na rubani aliyempata Malindi mwaka 1498. Waislamu wa pwani hiyo ya Malabar, waitwao Mappila, ni miongoni mwa jamii kongwe za Kiislamu katika Bara Hindi. Katika viunga vya mji huo, kijijini Atholi, ndiko alikozaliwa Koya mwaka 1927.

Hakuanza siasa kwa cheo kikubwa. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Chandrika, ambalo baadaye alilihariri, na mwaka 1952 akachaguliwa kuingia Baraza la Mji wa Kozhikode. Sisi tunaokaa katika kamati za misikiti tunaijua tabia ya vikao vya namna hiyo: maji, mitaro, taa, na mzee mmoja asiyekubali kumaliza hoja yake. Mwanasiasa aliyepita hapo hujifunza kumsikiliza mtu ambaye kesho atakutana naye sokoni.

Jimbo la Kerala liliundwa Novemba 1956, na katika uchaguzi wa mwaka uliofuata Koya akaingia bungeni kwa tiketi ya Muslim League. Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1961. Spika wa bunge hilo, Seethi Sahib, naye wa chama hichohicho, alifariki dunia, na Koya akapendekezwa kushika nafasi yake akiwa na miaka 33 tu. Chama cha Congress, kilichokuwa mshirika, kilitoa sharti kwamba kwanza ajiuzulu uanachama wa Muslim League. Alikubali, akakalia kiti. Wapo waliomwona kuwa amedhalilishwa, na jamii yake pamoja naye. Miezi michache baadaye, ushirika wa vyama hivyo ulipovunjika, alikiacha kiti hicho mwenyewe. Kwa maoni yangu, sharti lile liliwaaibisha zaidi waliolitoa kuliko yeye aliyelibeba.

Baada ya kipindi katika Bunge la India mjini Delhi, alirejea jimboni, na mwaka 1967 akawa Waziri wa Elimu katika serikali ya Namboodiripad. Hapa msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa Namboodiripad alikuwa Mkomunisti, na chama cha Koya kilikuwa miongoni mwa waliopigania kuangushwa kwa serikali yake ya kwanza mwaka 1959. Lakini wizara ya elimu ilikuwa na thamani ya pekee kwa Wamappila. Chini ya Waingereza, Malabar ilitawaliwa kutoka Madras, na ilibaki nyuma ya falme za kusini, Travancore na Cochin, kwa shule. Uasi wa mwaka 1921 uliacha makaburi na umaskini, na kwa miaka mingi walikuwapo masheikh walioiona elimu ya Kiingereza kuwa lugha ya adui, wakawazuia watoto. Sisi pia tuliwahi kuyasikia maneno ya namna hiyo katika miji yetu.

Koya hakubishana sana na historia hiyo, alijenga. Mwaka 1968 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Calicut, cha pili katika jimbo zima na cha kwanza upande wa kaskazini. Kijana wa Malabar akapata chuo kikuu karibu na kwao. Kwa mzazi wa binti, umbali huo ndio mara nyingi ulioamua kama mtoto atasoma au ataolewa. Mwaka uliofuata ikaundwa Malappuram, wilaya yenye Waislamu wengi, licha ya upinzani mkali.

Oktoba 1979 akawa Waziri Kiongozi, cheo ambacho Wazanzibari wanakikumbuka kwa jina hilohilo. Alikuwa Muislamu wa kwanza kukishika Kerala. Serikali yake haikuwa na wingi wa viti, na ilidumu siku 50 hivi; washirika walipojitoa, alijiuzulu tarehe 1 Desemba. Alirudi baadaye akiwa naibu, chini ya wengine, bila kuona haya. Alifariki mjini Hyderabad tarehe 28 Septemba 1983, akiwa bado kazini, Allah amrehemu.

Leo serikali ya Kerala hutoa ufadhili wenye jina lake kwa mabinti wa jamii za wachache, wakiwemo Waislamu, wanaosoma vyuoni. Na tarehe 18 Aprili 1991, Kerala ilipotangazwa kuwa jimbo la watu wanaojua kusoma, kazi ambayo ilikuwa ya mikono mingi, sherehe ilifanyika Kozhikode, katika mji uleule aliokuwa diwani. Aliyesoma tangazo mbele ya umati hakuwa waziri. Alikuwa bibi wa Kiislamu kutoka Malappuram, aliyejifunza herufi akiwa mtu mzima.