Mpenzi Msikilizaji: Nyakati za Redio Ambazo Mwambao wa Kigoma Hauzisahau

Kabla ya meseji na simu za mkononi, mapenzi ya Kigoma na Ujiji yalipitia kwa mtangazaji. Safari hii tunawakumbuka watu wa santuri, kadi za salamu na usiku mrefu wa ziwani.

Hebu jiulize: mara ya mwisho mtu kulitaja jina lako mbele ya watu, kwa mapenzi, ilikuwa lini? Sizungumzii meseji ya saa nne usiku wala picha ya moyo kwenye simu. Nazungumzia jina lako, kwa sauti, jirani akiwa anasikia.

Sasa waulize wazazi wako. Kama walikulia Ujiji, Mwanga, Gungu au Kibirizi, usishangae mama akicheka kidogo, akamtupia baba jicho, halafu akataja kipindi cha redio. Maana zamani hizo mtu wa redio hakuwa mpiga muziki tu. Alikuwa posta, alikuwa mshenga, na wakati mwingine alikuwa shahidi wa penzi ambalo wazee nyumbani walikuwa hawajaambiwa.

Kadi moja, masikio mia

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Ukitaka kumsalimia mtu unajaza kadi ya salamu: jina lako, ulipo, majina ya unaowasalimu, na mwisho kabisa ujumbe. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kadi ikishaondoka, kazi yako ni kusubiri tu.

Utamu ulikuwa hapo kwenye kusubiri. Hujui itasomwa leo au mwezi ujao, kwa hiyo unasikiliza kila siku. Na kwenye ujumbe ndipo penye shughuli! Kijana anasalimia shangazi, mjomba, marafiki wa Kasulu na "wote wanaonifahamu", kisha anachomeka methali moja inayoeleweka na mtu mmoja tu. Baba wa binti amekaa hapo hapo, redio iko mezani, wala hajui kwamba nyumbani kwake pameshabishwa hodi.

Watangazaji wa enzi hizo walijua uzito wa kazi hiyo. Marehemu Julius Nyaisanga, ambaye taifa zima lilimwita Anko J, alisikika kama mtu wa familia. Alipofariki Oktoba 2013, wengi walimlilia kama ndugu ingawa hawakuwahi kumwona uso kwa uso.

Ziwa lenye lugha nyingi

Mtu wa Kigoma alikuwa na bahati ambayo wa mikoa mingine hakuwa nayo. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi giza likishaingia. Kwa hiyo jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, redio ya mkulima ilianza kuleta wageni: Bujumbura, Bukavu, hata Lubumbashi. Unazungusha kitufe taratibu, mara Kirundi, mara Kifaransa, mara Kilingala, halafu gitaa linaingia na unaacha kuzungusha.

Nako ziwani karabai zinawaka. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti samaki vizuri. Mke yuko nchi kavu, mume yuko majini hadi alfajiri. Wimbo ule ule ukipigwa, wote wawili wanausikia kwa wakati mmoja. Mwenzangu, hayo ndiyo yalikuwa mawasiliano!

Mzee wa Macharanga

Radio One ilipoanza mwaka 1994, miongoni mwa waliohamia huko kutoka RTD alikuwa Charles Hilary. Wapenzi wa soka walimjua kwa kutangaza mpira. Wapenzi wa muziki walimjua kwa Charanga Time, kipindi kilichompa jina la Mzee wa Macharanga.

Charanga ni muziki wa Cuba wa filimbi na fidla. Unaweza kuuliza, Mswahili na fidla za Cuba wapi na wapi? Jibu liko ng'ambo ya ziwa. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba zilifika Kongo, vijana wa huko wakazichukua, wakazigeuza kwa magitaa, na rumba ikazaliwa. Rumba hiyo ikavuka kuja kwetu pamoja na wanamuziki wenyewe. Kwa hiyo mtangazaji alipoweka wimbo wa Orquesta Aragón, kundi lililoanzishwa mwaka 1939, mzee wa Ujiji hakuona kitu kigeni. Alisikia babu wa muziki aliouchezea kwenye harusi yake.

Hilary aliendelea Deutsche Welle, BBC na Azam, na mwaka 2021 akaenda kufanya kazi ya mawasiliano Ikulu ya Zanzibar. Alifariki Mei 2025. Safari ya miongo minne, na bado ukimtaja kwa watu wa makamo, wa kwanza kukujibu ni yule aliyeanza kucheza na mkewe sebuleni.

Wimbo uliowekwa kando

Si kila kumbukumbu ni tamu. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, na kuingia Dar es Salaam mwaka 1978, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa Mambo kwa Soksi. "Soksi" zenyewe zilikuwa kondomu. Ukimwi ulikuwa umeshagunduliwa nchini tangu mwaka 1983, na watu walikuwa wanazikana. Lakini RTD haikuupiga wimbo huo. Ulionekana kuvuka mipaka ya adabu.

Fikiria mji kama Kigoma: mwisho wa reli, mwanzo wa meli, wafanyabiashara wanaingia na kutoka, wapenzi wanaachana bandarini kwa wiki kadhaa. Kama kuna mahali wawili walihitaji kusaidiwa kuanzisha mazungumzo hayo, ni hapo. Wimbo ukabaki kwenye kumbi na kanda. DJ anakumbukwa kwa alichopiga, lakini na kile alichozuiwa kupiga nacho kina historia yake.

Jina la muziki wetu

Mwaka huo huo wa 1994, Taji Liundi, maarufu Master T, alianzisha DJ Show ya Radio One. Mike Mhagama alishirikiana naye, kisha mwishoni mwa 1996 akakishika kipindi mwenyewe. Vijana waliokuwa wakirapu Kiswahili walipata pa kupeleka kanda zao. Mhagama ndiye anayetajwa kuanzisha jina la Bongo Fleva: baada ya kupiga wimbo wa Marekani, akautambulisha wa nyumbani kama ladha ya Bongo. Neno la kuunganishia nyimbo mbili tu, na kizazi kizima kikapata jina.

Siku muziki uliponyamaza

Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Nyimbo za kuchezeka ziliwekwa kando, za maombolezo zikachukua nafasi. Siku kama hizo DJ hupimwa kwa kitu kimoja: anajua kunyamaza? Watu walikaa vibarazani, redio katikati, kama wanavyokaa msibani. Wengi wanakumbuka walikuwa wameketi na nani.

Waliopotezana

Vita vya Burundi na Kongo viliwavusha maelfu ya watu kuja upande wetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mwaka mmoja kabla, huko Ngara, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Kati ya vipindi kulikuwa na ujumbe wa waliopotezana: mume anamtafuta mke, mama anawatafuta watoto. Hapo salamu si burudani tena. Jina likisomwa vibaya, mtu anaweza kupitwa na ndugu yake.

Leka Dutigite

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond, Mwasiti na Linex, waliungana kama Kigoma All Stars na kutoa Leka Dutigite. Kwa Kiha ni kama kusema "acha tujidai". Kwa miaka mingi mtu wa Kigoma akiwa Dar alitaniwa kwa lafudhi yake, akijulikana kwa dagaa na mawese tu. Safari hii Kiha kilitoka redioni na watu wa mikoa yote wakawa wanakiitikia. Wapo waliopiga simu nyumbani usiku huo kwa sababu ya wimbo tu.

Na ninyi wawili?

Leo unaweza kumtumia mwenzako nyimbo mia kwa dakika, na bado asisikie kitu. Kadi ya salamu ilikuwa na siri tatu, na zote bado zinafanya kazi.

Kwanza, *mtaje kwa jina*. Mbele ya rafiki zako, mbele ya mama yako. Mtu anayependwa kwa siri tu huanza kujiuliza maswali.

Pili, *mchagulie wimbo mmoja*, umwambie kwa nini ni huo. DJ mzuri hakumwaga kabati zima mezani, alichagua.

Tatu, *semeni yale magumu*. Kupima, uaminifu, safari za mbali. Msingoje wimbo uwafungulie mazungumzo, huenda usipigwe.

Watangazaji wale hawakuzijua sura zetu, lakini walituita "mpenzi msikilizaji" na tukaamini. Usiku huu zima simu kidogo, mgeukie aliye karibu yako, na ujaribu kuwa hayo maneno mawili kwa pamoja: mpenzi, halafu msikilizaji.