Unafuga oska sebuleni? Chunga maji, chunga na mikono

Safari hii safu yetu inaingia sebuleni, kwenye tangi la kioo la samaki. Baadhi ya wazazi huwanunulia watoto wao samaki wale wakubwa wenye hasira, hasa oska, ambaye asili yake ni mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Usimwone mgeni. Oska ni wa ukoo mmoja na perege, sato na furu tunaowakaanga kila siku, ukoo ambao wataalamu huuita sikilidi. Mmoja wa wakubwa kabisa katika ukoo huo tunaye hapa kwetu, naye ni kuhe wa Ziwa Tanganyika.

Dukani oska huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Usipoulizia huenda usiambiwe kuwa ndani ya mwaka mmoja anaweza kupita sentimita 20, kwamba akikomaa hufika 30 na zaidi, na kwamba akitunzwa vizuri huishi miaka 10. Oska mmoja tu anahitaji tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Tangi hilo huchukua lita 270. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukijumlisha kioo na kokoto unapata zaidi ya kilo 300. Meza ya televisheni haikutengenezwa kubeba uzito huo, na mtoto anayechezea chini yake yumo hatarini.

Ama kuhusu hasira yao, sababu kubwa ni eneo. Samaki akishateka kona yake, mwenzake anayekaribia huumwa mapezi, na katika tangi dogo aliyeshindwa hana pa kukimbilia, basi hufukuzwa mpaka afe. Samaki mdogo anayeenea mdomoni mwa mkubwa ataliwa tu, hilo halina mjadala. Wakitaga, baba na mama hulinda mayai kwa pamoja, na hapo hata mkono wako ni adui. Meno yao ni madogo, lakini mchubuko wanaouacha unatosha kupitisha vijidudu, kama tutakavyoona.

Tuje kwenye maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na kupitia kinyesi, na amonia ni sumu kwake. Kuna bakteria wema wanaoishi ndani ya kichujio na kwenye kokoto. Wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha katika tangi jipya, ndiyo maana samaki wengi hufa mwezi wa kwanza na watu wakasema ni kijicho cha jirani.

Hapa ndipo mama anayependa usafi anapoweza kuua samaki wake bila kukusudia. Huosha kichujio kwa sabuni na maji ya bomba mpaka king'ae, na bakteria wote wema hufa. Kichujio kisuuzwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, basi. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji. Ndoo hiyo iwe ya samaki peke yake. Isirudi jikoni, wala isiwe ya maji ya kutawadhia.

Kuhusu chakula, aliyemfungia mnyama ni juu yake kumlisha, na sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka. Lakini kumlisha kupita kiasi nako ni kumdhuru, kwa kuwa kinachobaki huoza. Oska mkubwa hutosheka kwa mlo mmoja kwa siku.

Sasa mikono. Katika maji ya tangi anaweza kuishi bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, binamu wa yule wa kifua kikuu, aliyeelezwa na wataalamu tangu 1926. Huingia kupitia mchubuko. Wiki kadhaa baadaye huota kinundu kwenye kidole au mkono, mara nyingi hakiumi sana, kisha huenda kikawa kidonda kisichopona, na vingine vikafuata vikipanda mkono kwa mstari. Mgonjwa hupaka hiki na kile, humeza vidonge vya kawaida vya kidonda, na miezi inapita. Tiba ipo, ila ni ya miezi, na kipimo chake maabara ni cha pekee kwa sababu bakteria huyu hupenda joto la nyuzi 30 hivi, chini ya joto la mwili. Kwa hiyo ukifika hospitali mwambie daktari kuwa unafuga samaki. Pengine hatauliza. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu kwa mtu, lakini mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu asiingize mkono tangini kabisa.

Mwenye mchubuko avae glavu ndefu. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni, na isioshewe kwenye sinki la vyombo. Usivute maji kwa kunyonya mpira kwa mdomo, maana vijidudu vya kuharisha navyo vimo humo. Kabla ya kuingiza mkono chomoa umeme wa pampu na hita. Waya uache uning'inie chini kuliko soketi, ili matone yadondokee sakafuni.

Tangi ambalo samaki wamekufa limwagwe siku hiyo hiyo. Maji yaliyotuama ndani ya nyumba ni mazalio ya mbu wa dengi, na Dar es Salaam iliionja homa hiyo 2014 na tena 2019. Na oska aliyekushinda mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usimtupe mtoni. Kule Florida, Marekani, oska walioachwa hivyo wamekuwa wenyeji wa mifereji, na sisi tumeshaona sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alivyowamaliza furu.