Maji ya Kilwa na Sheria Iliyochelewa



Serikalini lipo neno linaloishi kuliko watumishi wanaoliandika. Neno hilo ni "muda". Kuna daraja la muda, kuna kaimu wa muda, kuna madarasa ya muda ambamo sasa wanasoma wajukuu wa wale waliojenga. Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea viwango vya ubora wa maji ya majumbani, navyo vikaitwa viwango vya muda. Leo nataka kueleza viwango hivyo vilikuwa na nini ndani yake, vilichelewaje kuondoka, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la makarani na wakemia linamhusu mama wa Kilwa anayeteka maji alfajiri.

Tuanze na ndoo. Ndoo ya kawaida inachukua lita 20. Viwango vya 1974 viliruhusu kloraidi, yaani sehemu moja ya chumvi ya kawaida, mpaka miligramu 800 katika kila lita. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa chumvi ya mezani, unapata gramu 26 hivi katika ndoo moja. Hivyo ni vijiko vya chai vinne na zaidi. Chukua ndoo ya maji safi nyumbani kwako Dar es Salaam, tia vijiko vinne vya chumvi, koroga, kisha jaribu kupika chai. Maji hayo, kwa mujibu wa karatasi, yalikuwa yanafaa kunywewa.

Aliyeweka viwango hivyo hakuwa adui wa wananchi. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeahidi kwamba katika miaka 20 kila mtu kijijini atapata maji safi karibu naye. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa kwa maelfu. Visima vilitakiwa upesi, fedha zilikuwa kidogo, na kama ungeshika vipimo vikali ungelazimika kuvikataa visima vingi kabla hujapata pa kuwapeleka watu. Kwa hiyo wakasema: tuanze na hivi, tutakaza baadaye. Mwaka 1991 ulipofika, ahadi ilisogezwa mpaka 2002, safari hii umbali ukitajwa kuwa mita 400. Mwaka 2002 nao ukapita, ikaandikwa sera mpya. Vipimo vilikuwa bado vimelegea vile vile.

Katikati ya hapo nchi za Afrika Mashariki zikafufua Jumuiya yao, ile iliyovunjika mwaka 1977. Zilikubaliana mambo makubwa ambayo magazeti huyaandika, na mambo madogo ambayo hayaandikwi, kama kiwango kimoja cha unga, kiwango kimoja cha saruji, kiwango kimoja cha maji ya kunywa. Hicho cha maji kinaitwa EAS 12, na toleo lake la mwaka 2000 lipo. Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya Jumuiya inayohusu viwango, ubora, vipimo na upimaji. Sheria hiyo haizunguki. Kiwango cha Afrika Mashariki kikishatangazwa, kila nchi mwanachama inatakiwa katika muda wa miezi 6 ikifanye kuwa kiwango chake cha taifa, bila kukibadilisha maandishi, na kile cha zamani ikiondoe.

Sasa tazama. Mwaka 2008 kiwango chetu cha taifa, TZS 789, kilikuwa bado kinaruhusu kloraidi mpaka 800, ile ile ya 1974. Floraidi, ambayo huchafua meno na kupinda mifupa ya watoto huko Arusha na Kilimanjaro, ilikuwa imeshuka kutoka 8 mpaka 4, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema 1.5 tangu mwaka 1984. Ukichukua toleo la 2018 ndipo unapoiona TZS 789 imekuwa kitu kimoja na EAS 12: floraidi 1.5, kloraidi 250. Sheria ilizungumza habari za miezi. Sisi tuliihesabu kwa miaka.

Najua yupo anayesema: chumvi si sumu, floraidi ndiyo jambo la kulilia. Kweli, hata Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa kloraidi. Linasema tu kwamba ikipita kiasi cha 250 ulimi huanza kuisikia. Lakini twende pwani tuone ulimi unafanya nini.

Toka Somanga kushuka Kivinje, Masoko, mpaka Lindi mjini, sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi katika nyufa za mawe hayo, yakaenda kuelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi. Naam, yanaelea, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wana kanuni yake: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake zipo kama mita 40 za maji baridi kabla ya kuikuta chumvi. Kanuni hiyo ina upande wa pili wa kutisha. Ukivuta maji kwa pampu yenye nguvu ukayashusha mita 1, chumvi nayo hujongea juu karibu mita 40. Ndiyo sababu kisima kirefu kilichofunguliwa kwa ngoma na vigelegele huwa kitamu mwaka wa kwanza, kikawa chapwa mwaka wa tatu, na baadaye watu wakakiacha. Wazee wa Kilwa Kisiwani, ambao mji wao ulikuwa na misikiti ya mawe Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, waliteka kwa kamba na ndoo. Kamba na ndoo haziwezi kuivuta bahari.

Basi kijijini pana visima viwili. Kimoja ni kirefu, kimefunikwa kwa saruji, kina pampu. Pengine ni cha miaka ile ambayo Finland iliisaidia mikoa ya Lindi na Mtwara kwa maji, toka miaka ya 1970 mpaka miaka ya 1990. Maji yake hayana vijidudu lakini yana chumvi. Sabuni haitoi povu, mbaazi zinachemka mchana kutwa haziivi, chai hainyweki. Cha pili ni kisima cha wazi, kifupi, hatua chache kutoka kwenye vyoo vya shimo na mazizi ya mbuzi, na maji yake ni matamu. Mama atateka wapi? Atafulia cha kwanza na atakunywa cha pili. Kwa ulimi na kwa akili yake ya jikoni, amechagua sawasawa. Kumbe amechagua kuhara.

Hapo ndipo ile 800 ilipotudhuru, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni tarakimu tu. Kwa hesabu ya serikali, kijiji hicho kilikuwa kimekwisha kupata maji. Kisima kimepimwa, kimefaulu, kimeingia kwenye takwimu za wilaya. Hakuna ofisa aliyedaiwa kisima kingine, wala bomba kutoka mtoni, wala tangi la kuvunia mvua. Kwa 250 kisima hicho hicho kingefeli, na kikifeli serikali inabaki na deni. Kila mwaka sheria ya pamoja ilipocheleweshwa, deni halikuandikwa popote.

Na chumvi yenyewe tusiipuuze. Mtu anayefanya kazi juani Kilwa hunywa lita 3 kwa siku bila shida. Kwa maji ya 800 atakuwa amekunywa karibu gramu 4 za chumvi kabla hajagusa ugali na samaki. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi gramu 5 kwa siku, chakula kikiwa ndani yake. Pwani ya Bangladesh, ambako visima vimeingiliwa na bahari kama vyetu, watafiti wamekuta shinikizo la damu kwa akina mama wajawazito likifuatana na chumvi ya maji wanayokunywa.

Kuhusu vijidudu, kiwango hakina mjadala: katika mililita 100 za maji asionekane hata kijidudu kimoja cha kinyesi. Kivinje inajua maana yake. Februari 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akaukuta mji umelala chini kwa kipindupindu. Mawe yale ya nyufa hayachuji uchafu kama mchanga unavyochuja. Mvua kubwa ikinyesha, cha chooni hufika kisimani kabla hakijapoteza nguvu. Mafuriko ya Januari 2020 katika mkoa wa Lindi na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ambacho kiliikata barabara kuu ya kusini, ni nyakati ambazo kila kisima cha wazi kilipaswa kuhesabiwa kuwa kichafu mpaka kipimwe.

Nilipokuwa nawaza haya nilikumbuka Machi 2017, Rais John Magufuli alipofika Lindi akaukuta mradi wa maji wa Ng'apa, uliotakiwa kumalizika 2015, bado haujaisha. Aliagiza hati ya kusafiria ya mkandarasi ishikiliwe. Watu walipiga makofi, na mimi siwalaumu, maana Lindi ilikuwa imekaa na kiu. Lakini bomba linalochelewa linaonekana kwa macho. Kiwango kinachochelewa hakina mitaro iliyoachwa wazi, hakina mkandarasi, na sijasikia hati ya mtu yeyote ikishikiliwa kwa ajili yake.

Sasa viwango vimekazwa, na tangu Julai 2019 upo wakala wa maji vijijini, RUWASA, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo. Linalobaki ni kupima. Chumvi ni rahisi: kifaa kinachoshikwa mkononi kama kalamu hutiwa majini na kutoa jibu hapo hapo. Vijidudu ni kazi. Sampuli ichukuliwe katika chupa iliyosafishwa, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyo hiyo au kabla ya saa 24 kwisha, kisha ilazwe kwenye joto usiku kucha ndipo ihesabiwe. Kwa kijiji kilicho ng'ambo ya mto wakati wa masika, chupa hiyo itapoa na kupata moto mara tatu njiani. Ipo njia ya bei nafuu, kichupa chenye dawa ambacho maji yake hugeuka meusi kama yana uchafu wa kinyesi. Hakitoi hesabu kamili, lakini mwalimu wa shule anaweza kukisoma, na wilaya zingeweza kuvigawa kabla ya masika badala ya baada ya vilio.

Na majibu yakishapatikana yabandikwe pale kisimani, kwa rangi, tarehe ikiwemo. Siku hizi karatasi ya maabara husafiri kutoka maabara mpaka faili la wilaya, na mama mwenye ndoo hayumo katika safari hiyo. Kama kisima ni cha kufulia tu, kiandikwe hivyo. Kama cha wazi kina vijidudu, kiandikwe, na pembeni yake iwekwe dawa ya klorini na mtu wa kuitia. Anayekataa rangi hiyo isipakwe kwa kuwa itawatia watu hofu, aulizwe yeye hunywa maji ya wapi.