Askari Aikague Nafsi Yake Kama Aikaguavyo Silaha Yake

Kila askari anaujua wajibu wake kabla ya kwenda lindo: aikague bunduki yake. Akiona inakwama, haifichi. Humpelekea fundi wa silaha, wala hakuna amwitaye mwoga kwa jambo hilo. Lakini nafsi yake inapokwama, askari huyo huyo huificha, akavaa sare na kwenda nayo lindoni.

Tumchukue koplo mmoja, ambaye hatuna haja ya kumpa jina, maana kambi nyingi zinaye mfano wake. Juma hili anacheka na kuimba, halali usiku, na asubuhi hasikii uchovu. Mshahara wa mwezi anaumaliza kwa siku mbili akiwanunulia vinywaji watu asiowajua. Baada ya majuma machache hataki kuamka, chakula hakimpiti kooni, na mkewe akimwuliza kuna nini, hujibiwa kwa ukali. Koplo mwenyewe hajui kuna nini. Hakufiwa, hakushtakiwa, hakuhamishwa. Hujiuliza peke yake: niende kwa daktari, au haya ni mambo ya kupita?

Swali hilo ni la haki. Si kila hasira ni ugonjwa. Mtu aliyekesha zamu nyingi, aliyetoka vitani, au ambaye mwanawe yu mgonjwa, moyo wake hutikisika kisha ukatulia. Yafaa basi tupime muda, kiasi na madhara. Huzuni ikidumu majuma mawili bila kuondoka. Uchangamfu uliopita kiasi ukiendelea siku kadhaa pasipo haja ya usingizi. Kazi, nyumba au fedha zikianza kuharibika: hapo si mambo ya kupita tena. Na iko dalili moja isiyongoja hata kesho. Anayewaza kujiua au kumwua mwenziwe aende kwa daktari siku hiyo hiyo, na silaha yake ibaki ghalani.

Tena chanzo huenda kisiwe akilini peke yake. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na wasiwasi na hasira. Malaria kali, kaswende ya siku nyingi na virusi vya UKIMWI huweza kuufikia ubongo. Pombe nayo, ambayo wengi huifanya dawa, huzidisha huzuni na kuharibu usingizi. Mambo hayo hayajulikani kwa kutafakari kitandani, wala kwa ushauri wa rafiki mwenye chupa. Hujulikana kwa kupimwa.

Hapa tunamkumbuka John Cade, daktari Mwaustralia aliyekuwa mwanajeshi. Singapore ilipoanguka mwaka 1942 alitekwa na Wajapani, akakaa mateka hadi 1945. Alirudi kwao akiamini kwamba baadhi ya magonjwa ya akili yana chanzo mwilini. Mwaka 1949 alitangaza kwamba aliwapa dawa ya lithiamu wagonjwa kumi waliopandwa na wazimu wa uchangamfu, wakapata nafuu. Mmoja wao alitoka hospitalini, akarudi kazini. Alipoiacha dawa, ugonjwa ukamrudia. Lithiamu ingali yatumika hata leo, ila kipimo chake kikizidi ni sumu, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Si dawa ya kununua kichochoroni.

Iliyobaki ni hofu: wenzangu wataniita kichaa, na cheo kitanipita. Hatusemi hofu hiyo haina msingi. Kejeli za kambini twazijua. Lakini na zipimwe mizani. Kejeli huchosha, kisha husahauliwa. Risasi iliyotoka kwa hasira ya dakika moja hairudi mtutuni.

Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua mahali pa ile ya 1964, inamruhusu mtu kwenda kutibiwa kwa hiari yake. Kuna Hospitali ya Butabika jijini Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1955, na hospitali kubwa za mikoani zina sehemu za wagonjwa wa akili. Wa kuanzia aweza kuwa mganga wa zahanati ya kambi. Aelezwe mambo matatu tu: tangu lini, usingizi ukoje, na pombe ni kiasi gani.

Nanyi maofisa na masajini, neno lenu ni zito. Askari akija kusema, "Afande, siko sawa," msimcheke mbele ya wenziwe. Amefanya lile mlilomfundisha siku ya kwanza: ameona kasoro, naye ameiripoti kabla haijamdhuru mtu.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Koplo wetu na aende.